Muulize Wakili: Tafuta anayejua kuhesabu

*Shikamoo wakili. Nimeolewa miaka 16, tuna watoto watatu. Nilikuwa mtunza hesabu kwenye kampuni. Nilipojifungua wa pili tukakubaliana nibaki nyumbani "kwa muda". Muda wenyewe umefika miaka 11. Mwezi uliopita nilimwambia mume wangu nataka tuachane. Akacheka. Akasema anayeomba talaka hapati hata senti, na kwamba nyumba, gari na akiba vyote vina jina lake. Rafiki yangu ananishauri nitafute wakili mkali, simba, amtoe jasho. Sina kipato, nina akiba ndogo tu ya pembeni. Naanzia wapi? Matunzo, yaani fedha za kunitunza baada ya talaka, nitayapata kweli? Kiasi gani, na kwa muda gani?*
*Mama wa Watatu*

Marahaba, Mama wa Watatu. Tuanze na hicho kicheko, maana nakifahamu. Nimefanya kesi za ndoa kwa miaka 23, na nimesimuliwa kicheko hicho mara nyingi kiasi kwamba mtu akikaa tu kitini na kuanza "nilimwambia, aka…", mimi humalizia. Mumeo anachanganya mambo, na sidhani kama anayachanganya kwa bahati mbaya. Nani ameomba talaka ni swali moja. Nani anastahili matunzo ni lingine. Kutangulia kwako masjala hakukunyimi kitu. Mahakama inauliza huyu anahitaji nini, na yule ana uwezo gani. Zipo sheria, ya Tanzania mojawapo, zinazomruhusu hakimu atazame pia nani alichangia zaidi ndoa kuvunjika, lakini hata huko msingi wa kupanga kiasi ni uwezo na mahitaji.

Weka mafungu matatu kichwani, na usimruhusu mtu ayachanganye, hata wakili wako. Kuna mali mliyochuma mkiwa pamoja; hiyo hugawanywa mara moja, mambo yakaisha. Kuna matunzo ya watoto. Hayo ni haki yao, hayaingii kwenye ugomvi wenu, na huwezi kuyasamehe ili uachiwe nyumba. Halafu kuna matunzo yako wewe kama mwenzi. Mumeo anapotaja jina lililo kwenye hati, anazungumzia fungu la kwanza tu, na hata hilo hajalimaliza. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Hukumu hiyo hunukuliwa sana, hata na watu wasiowahi kuisoma. Kisichonukuliwa sana ni mwisho wake. Yule mama hakuondoka na kitu, kwa sababu mumewe alikuwa amempa fedha aanzishe biashara ya familia, na mahakama ikaona fedha hizo zilipotelea mikononi mwake. Kanuni ilimwinua, hesabu zikamwangusha.

Na wewe ni mtunza hesabu! Barua yako yote imejaa hofu, lakini mimi niliposoma neno hilo nilitabasamu.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia mama mmoja na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na daftari nne za shule, moja jalada lake limevimba kwa maji. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe kushoto, kitu katikati, kiasi kulia. Sabuni. Umeme. Nauli ya kliniki. Ada, awamu ya kwanza. Pembeni kabisa, kwa herufi ndogo, ameandika B au M: Baba katoa, au Mimi nimetoa. Hakuwa amejiandaa kwa kesi, alikuwa mtu wa kuandika tu. Siku ya ushahidi wakili wa upande wa pili alimhoji karibu nusu saa akitafuta pa kumnasa. Akadhani amepapata: "Hapa unasema ulinunua viatu jozi mbili. Una watoto watatu. Huyo wa tatu alikwenda shule peku?" Mama akajibu bila kupandisha sauti: "Wa tatu alirithi vya kaka yake. Tazama mwezi wa pili, vimeandikwa." Hakimu akavuta daftari, akafungua mwezi wa pili. Vilikuwepo. Tangu hapo hakuulizwa tena kuhusu matumizi.

Basi leo, kabla hujamwona wakili yeyote, chukua daftari. Andika matumizi ya nyumba ya miezi mitatu iliyopita kadiri unavyokumbuka, kisha endelea kila siku. Tafuta nakala za hati za mshahara wa mumeo zinazokaa kabatini, taarifa za benki, mikataba ya mikopo, hati za nyumba na gari, risiti za ada, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Piga picha au nakili, rudisha ulipovikuta. Nakala ziweke kwa mtu unayemwamini, nje ya nyumba. Lakini simu yake usiifungue, wala barua pepe yake. Najua inawasha mikono. Nimewahi kumwona mteja mwenye haki zote akigeuka mshtakiwa kwa sababu ya nywila aliyoikisia. Ambacho hukipati kwa njia ya wazi, wakili ataomba mahakama iamuru kiletwe, na mtu akificha mapato baada ya amri kama hiyo anajiharibia mwenyewe.

Tafuta pia barua yako ya zamani ya kuacha kazi, na hati zako za mwisho za mshahara. Hizo watu huzisahau. Zinaonyesha ulikuwa unapata nini na uliacha lini, na tarehe ya kuacha ikisomwa sambamba na tarehe ya kuzaliwa mtoto wa pili, hakimu anaelewa bila hotuba.

Sasa huyo simba. Nami nilikuwa na wangu. Nilipoachana na aliyekuwa mume wangu sikutaka kujisimamia mwenyewe, na nilikuwa na hasira, kwa hiyo nikamchukua mwenzetu mmoja mwenye jina la ukali. Barua zake zilinifurahisha sana mwezi wa kwanza. Kila mstari wa pili una "fedheha", kila wa tatu una "ukatili". Kila barua ikazaa majibu, kila jibu likazaa barua, na zote nikizilipia. Ikafika siku ya maombi ya matunzo ya muda. Simba hakutokea. Alimtuma kijana ambaye jalada langu alilifungua kwa mara ya kwanza pale koridoni. Hakimu akauliza swali moja: "Mwombaji anatumia kiasi gani kwa mwezi?" Kijana akapekua. Matusi yote yalikuwemo. Karatasi ya matumizi haikuwemo. Shauri likaahirishwa miezi mitatu, na mimi, wakili, nimekaa benchi la nyuma, jibu ninalijua hadi senti, nimefumba mdomo.

Ndiyo maana nakwambia tafuta anayejua kuhesabu. Anza kwa chama cha mawakili cha nchi yako. Huko utajua kama mtu ana leseni hai ya mwaka huu, maana matapeli wa korido za mahakama wapo na wanavaa vizuri kuliko sisi. Kisha uliza watu waliomaliza kesi zao, si walio katikati. Aliye katikati anamsifu wakili wake kwa matumaini. Na kama una muda, nenda ukae asubuhi moja kwenye mahakama inayosikiliza mashauri ya ndoa, pale ambapo wasikilizaji wanaruhusiwa. Tazama nani anaitwa na faili lake liko tayari. Asubuhi moja inatosha kukufundisha.

Onana na wawili au watatu. Uliza kabla kama mazungumzo ya kwanza yanalipiwa. Ukiwa mbele yake muulize: katika kazi zako, za ndoa ni ngapi kati ya kumi? Nani hasa atasimama mahakamani siku yangu, wewe au msaidizi? Ukiangalia hali yangu, udhaifu wangu uko wapi? Hilo la mwisho ndilo ninalolithamini. Akikwambia huna udhaifu, nyanyuka. Udhaifu wako wewe, kwa mfano, ni kwamba una taaluma, na upande wa pili watasema unaweza kurudi kazini kesho. Wakili mzuri atakuwa amekwisha kuliona hilo kabla hujanywa maji uliyokaribishwa. Na akikuahidi kiwango kamili cha matunzo siku ya kwanza, kabla hajaona hata hati moja ya mshahara, huyo anapiga ramli.

Usisubiri sana, kwa sababu moja ambayo wengi hawaijui. Wakili akishapokea siri za mmoja, hawezi kumtetea mwingine dhidi yake. Wapo waume, na wake pia, wanaozunguka ofisi zote nzuri za mji kwa mazungumzo ya saa moja moja, si kwa kutafuta wakili bali kuzifunga. Kwa hoja hiyo hiyo, mumeo akisema "tutumie wakili wangu, atatutengenezea sote", kataa kwa upole. Mnaweza kuwa na msuluhishi mmoja. Wakili mmoja kwa pande mbili zinazovutana, hapana.

Ada hulipwa kwa saa, au kwa jumla ya kazi nzima, au kwa hatua: kuandaa hati, kusikilizwa, rufaa. Mara nyingi utaombwa malipo ya awali, na kazi inakatwa humo. Dai mkataba wa maandishi unaosema nini kimo na nini hakimo, na risiti kwa kila unachotoa. Ukisikia "usinilipe sasa, tutagawana utakachopata", simama hapo. Mpango huo katika kesi za talaka umekatazwa Marekani na Uingereza na kwingine kwingi, kwa sababu unampa wakili hamu ya kuona ndoa imevunjika na fungu limekuwa nono. Kwa kuwa huna kipato, ulizia ofisi za msaada wa kisheria na kliniki za sheria za vyuo vikuu. Muulize pia wakili kama sheria yenu inaruhusu kuomba mumeo achangie gharama zako za kesi. Katika nchi kadhaa mahakama inaweza kuamuru hivyo, na watu hawaombi kwa kuwa hawakuambiwa.

Kiasi gani? Sikupi namba, na nimekwisha kusema nini kuhusu wanaotoa namba. Hakimu atatazama urefu wa ndoa, umri na afya zenu, maisha mliyozoea, kipato cha kila mmoja na kile anachoweza kukipata, watoto wanakaa kwa nani, na nani aliacha nini kwa ajili ya nani. Miaka 16 ya ndoa na 11 nje ya kazi si jambo dogo. Kwa mtu kama wewe, mahakama nyingi siku hizi huelekea kwenye matunzo ya kukuwezesha: miaka kadhaa ya kusimama tena, kusoma programu mpya za uhasibu, kupata cheti kinachotakiwa sasa, kuanza kwa mshahara wa chini. Kwa hiyo nenda na mpango. Kozi ipi, miezi mingapi, ada kiasi gani, watoto watakuwa na nani saa hizo. Mwombaji anayesema "nipeni miaka minne, na huu ndio mpango" husikilizwa tofauti na anayesema "nitaishije mimi?" Matunzo ya maisha yapo, lakini kwa kawaida huwaendea waliokaa kwenye ndoa muda mrefu sana, wazee, au wagonjwa.

Na usingoje hukumu ndipo ule. Siku unayofungua shauri, muulize wakili kuhusu maombi ya matunzo ya muda, yanayolipwa wakati kesi inaendelea. Yale yale yaliyoahirishwa kwangu. Ambatisha karatasi ya matumizi.

*Wakili, mimi ni mwanaume, nina aibu kuandika haya. Tumeachana na mke wangu baada ya miaka 10, hatukujaliwa watoto. Yeye anapata mara tatu ya mshahara wangu. Nilihama kazi nzuri nikamfuata alipohamishwa. Je, mwanaume anaweza kudai matunzo, au nitachekwa?*
*Mfuataji*

Kuchekwa unaweza kuchekwa, ndugu yangu. Nimesikia karani akiguna kwa jambo hili. Lakini mguno wa karani si sheria. Mwaka 1979, katika shauri la Orr v. Orr, Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sheria ya jimbo la Alabama iliyowatwika waume peke yao mzigo wa matunzo. Kenya, kwa sheria ya ndoa ya mwaka 2014, inasema mahakama inaweza kumwamuru mtu amtunze mwenzi au aliyekuwa mwenzi wake, bila kutaja mume wala mke. Tanzania ni nyembamba zaidi: sheria ya mwaka 1971 inamruhusu mume kutunzwa pale ambapo majeraha au maradhi ya mwili au akili yamempunguzia au kumwondolea uwezo wa kujipatia riziki. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa wakili ni hilo: sheria inayonihusu mimi inasemaje kuhusu mume?

Kukuonyesha tu jinsi hesabu inavyoweza kwenda, Kanada wana mwongozo wa mwaka 2008 ambao si sheria lakini mahakimu huutazama. Kwa wasio na watoto wa kutunza, huchukuliwa tofauti ya vipato kabla ya kodi, kisha asilimia 1.5 hadi 2 ya tofauti hiyo kwa kila mwaka mliokaa pamoja. Mkeo akipata 90 na wewe 30, tofauti ni 60. Miaka 10 inakupa asilimia 15 hadi 20, yaani 9 hadi 12. Muda wake ni nusu mwaka hadi mwaka mmoja kwa kila mwaka wa ndoa, kwa hiyo miaka 5 hadi 10. Pengine kwako hakuna kanuni kama hiyo na hakimu hupima mwenyewe. Ila umeona kwamba aibu haina safu yake kwenye hesabu hii. Kilicho na safu ni ile kazi uliyoiacha. Barua ya ajira ya kazi hiyo unayo bado? Na barua ya uhamisho wa mkeo? Zibane pamoja.

*Dada wakili, mahakama iliamuru mtalaka wangu anilipe kila mwezi. Alilipa mwaka mmoja, sasa miezi minne kimya. Anasema amepunguziwa mshahara na amri "imekufa yenyewe". Nimemzuia kuwaona watoto mpaka alipe. Nimekosea?*
*Niliyechoka*

Kwa watoto, ndiyo, umekosea, na wewe mwenyewe unajua ndiyo maana umeuliza. Wafungulie mlango wiki hii. Ukienda mahakamani huku umezuia watoto, dakika 20 za kwanza zitatumika kukuuliza wewe badala ya kumuuliza yeye.

Amri haifi yenyewe kwa sababu mlipaji amepunguziwa mshahara. Kama kweli hali yake imebadilika, njia yake ni kurudi mahakamani na kuomba kiwango kipitiwe upya. Mpaka hapo deni linahesabiwa mwezi kwa mwezi. Wewe nenda masjala kaombe utekelezaji wa amri. Kutegemea sheria ya mahali, mahakama inaweza kuagiza makato kutoka kwenye mshahara wake moja kwa moja, kukamata mali, au hata kumwita ajieleze kwa nini asifungwe. Kwa kesi ndogo kama hii si lazima wakili wa gharama. Afisa wa msaada wa kisheria anatosha kukuandikia kiapo.

Jambo moja umelidokeza mwishoni mwa barua yako ambalo sikulichapisha, kuhusu huyo mchumba wako mpya. Sheria nyingi hukatisha matunzo ya mwenzi pale anayetunzwa anapofunga ndoa nyingine, ila ya watoto huendelea. Kwa hiyo limbikizo la miezi minne lidai sasa, kabla ya tarehe ya harusi. Nenda na nakala ya amri yenye muhuri, na taarifa ya benki inayoonyesha mwezi wa mwisho aliolipa. Ukichora mstari kwa kalamu nyekundu chini ya malipo hayo ya mwisho, karani hatakuuliza mara mbili.